"Ameanguka, Daktari"

Wanachuo wenzangu, na hasa sisi wa elimu ambao muda si mrefu tutatawanywa mikoani kwa TP, makala hii inahusu namba. Siyo namba ya mtihani wala ya mkopo. Ni herufi moja na tarakimu chache ambazo mtoa huduma wa afya huandika pembeni ya ugonjwa wako: H43.1, H11.3, S05.1. Najua mtu wa elimu akisikia maneno "msimbo wa ugonjwa" anafunua ukurasa unaofuata. Subiri kidogo. Mtoto akifikishwa hospitalini jicho limevilia damu, nusu ya msimbo wake huandikwa na mganga. Nusu nyingine tunaiandika sisi walimu kwa midomo yetu, kwa kusema au kuficha kilichotokea. Na nusu yetu ndiyo inayopotea kirahisi kuliko ile ya mganga.

Mimi ni mtu wa Kasesya. Kwa asiyepajua, ni mpakani mwa Tanzania na Zambia, Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Ukivuka unaelekea Mbala, ukirudi nyuma unakwenda Matai, kisha Sumbawanga mjini. Juu kule kwenye uwanda wa Ufipa watu wanalima mahindi, maharage na ulezi, wanafuga ng'ombe na wanachanja kuni. Jicho la mtu kule linaweza kupigwa na vitu vingi: kibanzi cha kuni, pembe ya ng'ombe, tawi, jiwe la manati, mpira wa makaratasi. Na fimbo.

Mgonjwa wa jicho kijijini huanzia zahanati. Ikishindikana anapelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Sumbawanga, na ikibidi anapanda basi mpaka Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Kila anapofika, anayempokea hamjui. Anachojua ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi aliyokuja nayo. Karatasi ikisema "tatizo la jicho", basi kila kituo kinaanza upya, na jicho halisubiri.

Damu moja, misimbo mingi

Misimbo hii inatoka kwenye kitabu kimoja kikubwa kiitwacho Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, maarufu kwa kifupi chake, ICD. Haukuanzia hospitalini. Ulianza kama orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na mtakwimu Mfaransa, Jacques Bertillon, na kupitishwa na wataalamu wa takwimu waliokutana Chicago mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na toleo la sita likaanza kuhesabu pia magonjwa yasiyoua. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na la kumi na moja lilianza rasmi Januari 2022. Misimbo nitakayoitaja hapa ni ya toleo la kumi, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka zaidi kwenye fomu zetu.

Sasa tazama jicho. Mtu wa kawaida akiona damu kwenye jicho anasema "jicho limevilia damu", basi. Kitabu hakikubali hapo. Kinauliza damu iko wapi.

Ikiwa iko kwenye utando wa nje unaofunika weupe wa jicho, ni H11.3. Hii inatisha kuitazama, jicho linakuwa jekundu kama nyanya, lakini mara nyingi haina madhara na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Inaweza kuletwa na kikohozi kikali, kunyanyua mzigo mzito, kujifikicha au presha.

Ikiwa iko ndani zaidi, mbele ya mboni, imetuama chini kama chai kwenye sakafu ya kikombe, ni haifema, H21.0. Lakini kama haifema hiyo imetokana na pigo, kitabu kinakukataza kuandika H21.0. Kinakuhamishia kwenye sura ya majeraha, S05.1. Hii si ya kusubiri. Presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda, damu inaweza kuvuja tena ndani ya siku chache za mwanzo, na mtoto mwenye selimundu, hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na haugui, yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Ikiwa damu iko kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ni H35.6. Na ikiwa imemwagika kwenye ute unaojaza sehemu kubwa ya jicho, ni H43.1. Hapa kuna jambo la ajabu: ukimtazama mgonjwa wa H43.1 kwa nje, unaweza usione damu yoyote. Yeye ndiye anayeona. Anaona utando wa buibui, moshi, madoa meusi yanayoogelea, au giza la ghafla. Jicho lake linaonekana jeupe na zima. Wenzake wanasema anajisingizia.

Baba yangu mdogo alianza hivyo. Alisema anaona nyuzi nyeusi mbele ya jicho la kulia. Kituo cha kwanza alichokwenda, ambacho sitakitaja, alipewa dawa ya tyubu ya kupaka, na kwenye karatasi yake pakaandikwa "tatizo la jicho". Miezi ikapita. Alipofika kwa mtu mwenye kifaa cha kutazama ndani ya jicho ndipo alipopimwa sukari, na sukari ilikuwa juu sana. Hakuwa amejua kuwa ana kisukari. Damu ile ilikuwa inamwagika kutoka kwenye mishipa midogo dhaifu ambayo kisukari huiotesha kwenye retina ikiachwa miaka bila matibabu. Jicho lile leo linatofautisha mchana na usiku, zaidi ya hapo halioni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za misimbo, na nikakuta kitu ambacho waliokitunga walikifikiria vizuri. ICD toleo la kumi lina alama mbili, msalaba mdogo na nyota. Msalaba huwekwa kwenye ugonjwa ulio chanzo, nyota kwenye dalili yake inayoonekana sehemu fulani ya mwili. Jicho lililoharibiwa na kisukari lina msimbo wenye nyota, H36.0. Msimbo wenye nyota hauruhusiwi kusimama peke yake. Lazima utanguliwe na msimbo wa kisukari chenyewe, wenye msalaba. Yaani kitabu kinakwambia: usiishie kwenye damu, taja kilichoifanya itoke.

Kwa nini chanzo kina uzito

Tusidanganyane, kuna mtu atasema haya ni mambo ya makarani. Mgonjwa anataka dawa, hataki herufi. Naomba nimpeleke Malawi.

Pale Blantyre, watafiti wakiongozwa na daktari Terrie Taylor walichunguza miili ya watoto 31 waliofariki wakiwa wamehesabiwa kuwa na malaria ya ubongo kwa vigezo vya kawaida vya hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya watoto hao, 7 hawakuwa wameuawa na malaria ya ubongo, kilichowaua kilikuwa kitu kingine. Na dalili iliyotofautisha vizuri kuliko zote makundi hayo mawili watoto walipokuwa bado hai ilikuwa machoni: mabadiliko ya retina, yakiwemo madoadoa ya damu. Mtoto mwenye vijidudu vya malaria kwenye damu lakini retina yake haina mabadiliko hayo, inabidi daktari aendelee kutafuta.

Fikiria hao watoto 7 kwenye vitabu vya takwimu kama wasingechunguzwa. Wangeandikwa B50.0, malaria iliyopanda ubongoni. Wangejumlishwa, wangetumwa wizarani, na mipango ya dawa na bajeti ingepangwa juu ya namba isiyo kweli. Makosa ya namna hiyo hayapigi kelele. Yanakaa kimya kwenye jedwali.

Tarakimu ya shule

Sasa tuje kwetu, walimu watarajiwa.

Pigo la jicho katika ICD halimalizwi na S05.1 peke yake. Kuna sura nzima inayoeleza jeraha lilitokeaje: alianguka, aligongwa na kitu, alipigwa kwa makusudi. Misimbo ya sura hiyo huanza kwa herufi V mpaka Y. Na mingi yake huongezwa tarakimu moja mwishoni ya kusema ilitokea wapi. Nyumbani ni 0. Barabarani ni 4. Shambani ni 7. Mahali pasipojulikana ni 9.

Shule na taasisi nyingine za umma ni 2.

Kwa hiyo mtoto aliyegongwa na kitu shuleni kwa bahati mbaya anaweza kuandikwa W22.2. Aliyepigwa makusudi kwa kitu butu shuleni, Y00.2. Na yule ambaye mtu aliyemleta amesema "ameanguka, daktari" bila maelezo mengine? Huyo ni W19.9. Ameanguka, haijulikani vipi, haijulikani wapi.

Nilipokuwa shule ya msingi, shule ambayo siitaji, mwenzetu mmoja aliumizwa jicho na ncha ya fimbo. Mwalimu hakumlenga yeye. Alipiga dawati kutuliza kelele, fimbo ikavunjika, kipande kikaruka. Aliyempeleka hospitalini alisema mtoto ameanguka kwenye ngazi. Shule yetu haikuwa na ngazi hata moja. Yule ndugu sasa ni kijana mwenye familia, anaona kwa jicho moja. Katika takwimu za taifa, kama aliandikwa kabisa, ni mtoto aliyeanguka.

Simlaumu aliyeandika. Mganga hakuwepo darasani. Anaandika anachoambiwa na mtu mzima aliyemshika mtoto mkono, na mtu mzima huyo mara nyingi ni mwalimu wa zamu. Mtoto mwenyewe, akiwa amesimama kati ya mwalimu na daktari, atasema nini?

Kwa nini tunasema "ameanguka"

Tukisema walimu ni waongo tutakuwa hatujasema kitu. Kuna sababu za uongo huu na tunazijua.

Ya kwanza ni PF3. Mtu akiumia kwa kupigwa au kwa ajali, hospitali inataka fomu ya polisi namba tatu. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu wa saa moja. Kwa mtu wa kijijini kituo cha polisi kinaweza kuwa mbali kuliko zahanati, na bodaboda inataka hela. Neno "ameanguka" linaonekana kama njia ya mkato ya kumfikisha mtoto kwenye matibabu. Wakati mwingine linasemwa kwa huruma kabisa.

Ya pili ni woga wa kazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sote tumepita shule za nchi hii, tunajua fimbo ngapi ziliandikwa kitabuni na ngapi hazikuandikwa. Fimbo ambayo haikuandikwa shuleni haitatamkwa hospitalini.

Kwa hiyo kuna vitabu viwili. Kimoja kiko ofisini kwa mkuu wa shule, kingine kiko zahanati. Vyote viwili vinatakiwa kumsema mtoto yuleyule, na vyote viwili vinaweza kunyamaza kwa pamoja. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mmoja, anayeumbuka ni mwingine.

Sanduku la miaka 5 hadi 60

Sasa tuseme mwalimu amesema kweli na mganga ameandika kweli. Taarifa inakwenda wapi?

Vituo vyetu vya afya vinatumia MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu namba tano, mwisho wa mwezi hesabu inajumlishwa, inaingizwa kwenye kompyuta katika mfumo wa DHIS2, ambao ulisambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Ni kazi kubwa na nchi inastahili pongezi, maana zahanati ya mpakani na hospitali ya jijini zinatoa hesabu kwa lugha moja.

Ila kwenye muhtasari huo macho yamewekwa kwenye mafungu machache mapana: ya kuambukiza, yasiyo ya kuambukiza, majeraha. H43.1 ya baba mdogo, iliyotokana na kisukari, na mtu mwenye mtoto wa jicho wanaingia fungu moja. Na umri je? Kuna sanduku la wachanga, la chini ya mwaka mmoja, la chini ya miaka mitano, kisha linakuja sanduku moja la kuanzia miaka 5 mpaka chini ya 60. Baada ya hapo ni wazee.

Soma tena. Mtoto wa darasa la kwanza aliyepigwa jicho na kipande cha fimbo, mwanafunzi wa kidato cha nne, wewe unayesoma makala hii, na fundi wa miaka 59 aliyerukiwa na chuma gereji, wote ni sanduku moja. Umri wote wa kwenda shule, kuanzia msingi mpaka chuo kikuu, hauonekani kama kundi. Mtu akiuliza leo ni watoto wangapi wa shule mkoani Rukwa wameumia macho mwaka jana na wangapi waliumia wakiwa shuleni, muhtasari ule hauwezi kumjibu.

Na swali lisilo na jibu kwenye jedwali halipati bajeti.

Jicho lisilo na msimbo hupewa jina lingine

Kuna watakaosema: tumeishi bila misimbo miaka yote. Si kweli. Tumeishi na misimbo mingine.

Kanda ya Ziwa wamewahi kuuawa bibi zetu kwa sababu macho yao ni mekundu, yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni na uzee. Macho yale yalipewa jina, na jina lenyewe lilikuwa "mchawi". Hata kwetu Rukwa hatuko mbali na habari hizo, mji wetu wa Sumbawanga husemwa kuwa jina lake maana yake ni "tupa uchawi". Jamii isipopewa maelezo ya damu ndani ya jicho, haikai bila maelezo. Inajitungia.

Na si vijijini tu. Virusi vya Marburg vilipoleta mlipuko Kagera mwaka 2023, kisha Rwanda mwaka 2024, kisha Kagera tena mwanzoni mwa 2025, magazeti fulani ya Ulaya yaliviita virusi vya macho yanayotoka damu. Picha zikazunguka kwenye simu zetu. Marburg ina msimbo wake, A98.3, na kwa kawaida huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na misuli, halafu kuharisha na kutapika. Kutoka damu, kama kutatokea, huja baadaye na si lazima kuwe machoni. Sasa mpeleke dereva wa lori mwenye H11.3 ya kikohozi, jicho limekuwa jekundu lakini hana homa wala nini, akapange foleni mpakani Kasesya wiki ambayo picha hizo zinazunguka. Bila mtu wa kutofautisha, watu watamkimbia. Na mgonjwa wa kweli wa Marburg mwenye homa na macho meupe atapita katikati yao.

Hoja za upande wa pili

Nimezungumza haya na rafiki yangu anayesomea utabibu chuo kingine, akanipa hoja tatu nzito.

Ya kwanza: mganga mmoja, foleni ya watu kibao, hakuna muda wa kutafuta tarakimu ya nne. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi mzigo wote uwe wake. Mwalimu akifika na karatasi yenye mistari mitatu, nini kilimpiga, wapi, saa ngapi, amemrahisishia kazi.

Ya pili: zahanati haina kifaa cha kutazama ndani ya jicho, itaandikaje H43.1? Haiwezi, na isibahatishe. Lakini inaweza kuandika inachokiona: "anaona nyuzi nyeusi tangu Jumatatu, jicho la kulia, hajaumia, hajawahi kupimwa sukari." Hiyo si msimbo lakini ni chanzo cha msimbo, na kipimo cha sukari ni tone moja la damu ya kidole.

Ya tatu ndiyo ngumu. Alisema: mkiandika Y00.2, mtamfunga mwalimu, na kesho yake mwalimu mwingine hatampeleka mtoto hospitali kabisa, atamficha. Hili nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba msimbo si hati ya mashtaka. W22.2 ipo kwa ajili ya ajali, na ajali shuleni zipo nyingi zisizo na mkosaji. Mwalimu aliyevunja fimbo kwenye dawati angeweza kusema kweli na bado ikaandikwa ajali. Lakini kama kweli mtoto amepigwa usoni, basi hata tukikubali fimbo yenyewe, hakuna kanuni iliyoruhusu hilo, na tusiombe takwimu zimlinde aliyefanya hivyo. Zimlinde nani kwanza, mwalimu au jicho?

Tufanye nini sisi

Sitaki tumalize kwa kuilaumu serikali kisha twende kantini. Kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Moja, semina ya maandalizi ya TP iwe na saa moja ya majeraha ya watoto. Tunafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, sawa. Tufundishwe pia kwamba mtoto aliyepigwa jicho na akawa na damu mbele ya mboni haminywi wala hafikichwi, hawekewi dawa ya majani wala maziwa, hapewi aspirini. Anakalishwa kichwa kikiwa juu, jicho linakingwa na kitu kigumu kisicholigusa, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anayesema anaona nyuzi au moshi asiambiwe anakwepa kusoma ubaoni.

Mbili, ukimsindikiza mtoto, andika. Nini, wapi, lini. Weka sahihi yako. Kama suala ni PF3, mkuu wa shule na mtendaji wa kijiji wasaidie kuifuatilia, lakini neno "ameanguka" lisitumike kama nauli.

Tatu, anza na mwili wako mwenyewe. Wengi wetu tumelipa zile 50,400 za bima ya NHIF kwa mwaka, wengine kwa kubana bumu. Unapotibiwa unasaini fomu. Wangapi tunaisoma kabla ya kusaini? Kuna sehemu ya ugonjwa na msimbo wake. Uliza, "Daktari, hapa umeandika nini?" Dai ambalo ugonjwa wake hauendani na matibabu linaweza kukataliwa, na historia yako ya kiafya inajengwa na hizo namba. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, kwa hiyo fomu hizi zitamfikia hata mkulima wa Kasesya ambaye hajawahi kuziona. Ataisainije bila mtu wa kumsomea? Mtu huyo kijijini mara nyingi ni mwalimu.

Nne, serikali yetu ya wanafunzi iandike barua. Siyo maandamano, barua tu, kwa wizara mbili za afya na elimu, kuomba sanduku lile la miaka 5 hadi 60 ligawanywe ili umri wa shule uonekane. Mfumo wa kompyuta upo tayari, kinachotakiwa ni uamuzi wa kuuliza. Na wenzetu wa utabibu na wa takwimu tuwashirikishe waisaini pamoja nasi.

Wengine wetu tutapangwa Kalambo, Nkasi, Uvinza, Tandahimba, kokote. Ipo siku mtoto atakuja mezani kwako ameshika jicho, machozi yanatoka, darasa zima limenyamaza kukutazama. Utampeleka zahanati. Mtu wa zamu atachukua kalamu, atafungua kitabu namba tano, atakugeukia wewe na kuuliza, "Mwalimu, amepatwa na nini huyu?"

Mjibu kweli. Anachosubiri kuandika ni hicho.